Kitasa cha Korola

Gari lilipotimiza miaka ishirini na sita
kitasa chake kilikuwa kinakubali kitu chochote.
Kijiko cha chai. Kipini cha nywele.
Ufunguo wa kabati la skuli, ambao hata kabati lenyewe haulifungui.
Siku moja Mafunda aliliwasha kwa bati la kopo la maziwa
akenda Konde kuchukua godoro,
akarudi, akaliegesha palepale.
Sikuambiwa. Niliona sufi kwenye kiti cha nyuma.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi hapa Jadida:
nalala na nusu tangi, naamka na robo,
na juu ya dashibodi noti ya elfu mbili imekunjwa,
au muhogo mmoja mrefu
umefungwa mkanda kama abiria.
Usiku ule Time aliposhikwa na uchungu
niliusikia mlio wa injini usingizini
nikageuka upande wa pili.
Mtoto sasa ana miaka saba, namfundisha kutoa.
Kuazima makumi hakumpi tabu.

Lakini juzi, kwenye mteremko wa Limbani,
ufunguo ulichomoka wenyewe
ukaniangukia mapajani, una moto,
na gari likaendelea kwenda
kama mtu aliyekwisha kukusikiliza.

Nikampelekea Shaame, Bopwe.
Shaame hasemi nawe mpaka alinyamazishe gari kwanza:
spana nambari kumi, waya hasi wa betri.
Akafungua ganda la usukani, skrubu tatu
(ya nne sijapata kuiona),
akautia ufunguo, akaupeleka nafasi ya kwanza,
akapapasa kwa msumari
kijitundu ambacho mimi, miaka kumi na moja nimekikalia mbele,
sikujua kama kipo.
Akabonya.
Kikatoka chepesi, kama jino la mtoto.

"Mwalimu," akakigeuza juani, "hichi si kitasa, hili tundu.
Vibati vya ndani vimelika vyote.
Hakijui tena nani ni nani."

Nilitaka kumwambia hatukuwa na haja kijue.
Nikahesabu pesa.

Kipya kilitoka Darajani kwa boti, kimeviringwa gazeti,
na funguo mbili zenye meno ya kukata kidole.
Kikaingia kwa neno moja: ta.
Nikawasha. Likashtuka, likawaka.
Shaame alipokwenda kunawa mikono kwa mafuta ya taa
nikatoa kijiko mkobani nikajaribu.
Kikakataa.
Nikaona haya, sijui mbele ya nani.

Saa tano usiku, hodi.
Kombo. Hajapata kunibishia hodi kwa ajili ya gari;
alibisha kama mtu anayejifunza.
"Mwalimu, gari lina nini? Halitaki."
Kijiko mkononi, kimepinda shingo.
Nyuma yake, kwenye baraza, mama yake
anavuta pumzi moja kwa kazi ya pumzi tatu.

Niliendesha mimi.
Na hapo ndipo nilipoiona njia ya usiku ya hospitali
ambayo gari langu limeihifadhi bila mimi:
lilivyovuta kushoto kabla ya shimo,
mlinzi alivyofungua geti kwa kuzijua taa,
akainama dirishani, akanitazama:
"Leo dereva mgeni?"

Mama Kombo alirudi asubuhi, kwa miguu yake.

Ufunguo wa pili sijaamua.
Umo ndani ya bilauri, juu ya friji.
Anayekuja kuazima chumvi huutazama huo kwanza,
kisha ndiyo hutaja chumvi.

Kitasa cha zamani nimekifanya kizuizi cha madaftari.
Mtoto wa Time akimaliza hesabu hukivuta kwake,
hukitia kijiko, hukizungusha,
huunguruma kwa midomo mpaka mate yamruke.
Namuuliza anakwenda wapi.
"Kwanza panda," ananiambia.